Meza ya Elektroniki: Chaneli Nane, Mchoro Mmoja

Barua za mwezi huu zimeangukia jambo moja: saketi inayojirudia ndani ya bodi moja, na namna ya kuichora bila kuinakili kwa mkono. Majibu yetu yanafuata KiCad 9, toleo la Februari 2025 la programu ya kuchora saketi na kupanga bodi zake. Palipo na tofauti kwa wenye matoleo ya 7 na 8, tumesema. Majina ya menyu tumeyaacha kama yanavyoonekana kwenye skrini, ili usihangaike kuyatafuta.

Natengeneza bodi ya rilei 8, yaani swichi za umeme, zinazoendeshwa na kidhibiti kidogo cha ESP32. Nilichora chaneli moja, yaani saketi ya rilei moja, nikainakili mara 7 kwenye ukurasa uleule. Baadaye nikabadilisha rezista ya besi ya transista: nikabadilisha 7, ya nane nikaisahau. Kwenye bodi mambo yakawa mabaya zaidi, njia za shaba nilizonakili zilijaa alama za makosa. Hakuna namna ya kuchora mara moja tu? — Fundi, Mbeya

Ipo, lakini inaanzia kwenye mchoro, si kwenye bodi. Kila komponenti iliyo kwenye bodi ina mwenzake kwenye mchoro, na kila njia ya shaba imebeba jina la neti yake, yaani kundi la miguu iliyounganishwa pamoja. Ukinakili kwenye bodi, komponenti mpya hazina mwenyewe kwenye mchoro, na njia zake zinabaki na jina la neti ya chaneli ya kwanza. Zikigusa miguu ya chaneli ya pili, programu inaona shoti. Ukibonyeza F8 kusasisha bodi, inakuletea komponenti nyingine kutoka kwenye mchoro, na zile ulizonakili zinabaki yatima.

Dawa ni kuiweka chaneli kwenye karatasi yake, yaani faili moja la mchoro, kisha kulitumia faili hilo mara 8. Kwenye mchoro mkuu bonyeza S, chora sanduku, lipe jina Chaneli1 na faili liite chaneli.kicad_sch. Bofya sanduku mara mbili uingie ndani, uchore saketi. Kwa kazi yako komponenti 8 zinatosha: rilei SRD-05VDC-SL-C, transista 2N2222, diodi 1N4007 sambamba na koili ya rilei, rezista ya 1k (ohmu 1,000) kwenda besi, rezista ya 10k kutoka besi kwenda ardhini, LED na rezista yake ya 1k, na terminali ya skrubu yenye matundu 3. Ile ya 10k usiiache: ESP32 inapowashwa, miguu yake mingi huelea kwa muda mfupi, na bila rezista hiyo rilei zinaweza kugonga zenyewe kabla programu yako haijaanza.

Kwenye waya wa kuingilia weka lebo ya ngazi, yaani inayotoka nje ya karatasi, kwa kubonyeza H, uiite INGIZO. Rudi juu kwa Alt+Backspace, kisha tumia Sync Sheet Pins ili lebo hiyo ijitokeze kwenye ukingo wa sanduku kama mguu wa IC. Kwenye toleo la 7 kazi hiyo inafanywa na Import Sheet Pin. Halafu chora sanduku jingine, liite Chaneli2, na kwenye jina la faili andika lilelile la chaneli.kicad_sch. KiCad itakuuliza kama unataka kutumia faili lililopo. Kubali. Fanya hivyo hadi Chaneli8, kisha unganisha kila mguu wa INGIZO na mguu wake wa ESP32.

Sasa ukiingia Chaneli5 ukageuza 1k kuwa 680, zote 8 zimegeuka, kwa sababu mchoro ni mmoja na masanduku ni milango 8 ya kuingilia chumba kimoja.

Kabla hujaenda kwenye bodi, ikague chaneli hiyo kama vile utauza moja tu. Mfano mzuri ni hiyo transista. PN2222A, moja ya aina za 2N2222, ukiitazama upande bapa miguu ikiwa chini, kutoka kushoto ni emita, besi, kolekta. P2N2222A, yenye herufi moja tu ya ziada, ni kolekta, besi, emita. Dukani utaambiwa ni kitu kimoja. Chapisha futiprinti, yaani alama ya miguu ya komponenti kwenye bodi, kwenye karatasi kwa kipimo halisi (1:1), simamisha rilei, transista na terminali juu yake, uone kama miguu inaangukia matundu.

Nimefuata njia ya karatasi, lakini rezista ya chaneli ya kwanza imepewa nambari R201 na ya nane R901. Kwa nini zisianze na R101? — Mwanafunzi, Dar es Salaam

Bila shaka kwenye Annotate Schematic, menyu ya kuweka nambari, ulichagua nambari zifuate namba ya karatasi mara 100. Mchoro mkuu ndio karatasi ya 1, kwa hiyo Chaneli1 ni karatasi ya 2, nayo inapata 201. Hakuna kosa. Huu ndio mpangilio tunaoupenda, kwa sababu fundi anayetafuta hitilafu akiona transista Q601 anajua ni Chaneli5, na mwenzake kwenye chaneli ya jirani ni Q701. Tofauti ya moja inasumbua siku ya kwanza tu. Kwenye bodi yenyewe andika 1 hadi 8 kwa maandishi makubwa karibu na terminali, maana mteja hana habari na R wala Q.

Ukiamua kubadilisha nambari baada ya bodi kuanza kupangwa, unaweza. KiCad huwafahamu wenzi kwa kitambulisho cha ndani, si kwa jina la R201. Sharti ni kwamba ukibonyeza F8, kisanduku cha Re-link footprints to schematic symbols based on their reference designators kiwe hakijatiwa alama. Kikiwa na alama, KiCad inafuata majina: rezista iliyokuwa ya Chaneli3 inaweza kupewa Chaneli4, na njia zote zikapinda.

Bodi imerudi kutoka kiwandani. Nikiwasha rilei moja, zote 8 zinagonga. Mchoro nimeukagua mara tatu na uko sawa. — Msomaji, Mwanza

Picha ya mchoro uliyotuma ina jibu. Waya wa kuingilia ndani ya chaneli una lebo mbili: ya ngazi, INGIZO, na nyingine ya jumla, IN, ambayo nadhani uliiweka iwe ukumbusho. Lebo ya jumla haitambui kuta za karatasi. Faili limetumika mara 8, kwa hiyo IN imetokea mara 8, na kila mahali ilipotokea ni neti ileile. Waya zako 8 zimekuwa mmoja.

Kanuni zake ni hizi. Lebo ya kawaida inaishi ndani ya karatasi yake tu, na kila nakala ina yake: ukiandika BESI, bodi itaonyesha /Chaneli1/BESI, /Chaneli2/BESI na kuendelea. Lebo ya ngazi inatoka nje kupitia mguu wa sanduku. Lebo ya jumla na alama za umeme, kama +5V na GND, zinaungana kote. Ndani ya karatasi inayojirudia, cha jumla kiwe umeme na ardhi peke yake, pamoja na mstari uliokusudia kuushirikisha, mfano basi ya I2C, yaani waya za mawasiliano zinazotumiwa na vifaa vingi kwa pamoja.

Ukaguzi wa ERC, yaani wa kanuni za umeme kwenye mchoro, hutoa onyo majina mawili yanapokutana kwenye waya mmoja, na kueleza lipi litatumika. Ni onyo, si kosa, ndiyo maana wengi hulipita. Kwa bodi zijazo, kabla ya kutuma faili, chagua mguu wa besi wa chaneli moja kwenye bodi uangaze neti yake. Mwanga ukivuka kwenda chaneli ya jirani, simama hapo.

Bodi uliyonayo inaokoka. Tafuta njia ya shaba inayounganisha rezista za 1k za chaneli zote, ikate kwa kisu chenye ncha katikati ya kila chaneli mbili, na uikate pia inapotoka kwenye kila mguu wa ESP32 unaohusika. Pima kwa mita hadi kila rezista iwe peke yake. Kisha lehemu waya mwembamba, wa kipimo cha AWG 30 unafaa, kutoka kila rezista hadi mguu wake. Mkondo wa hapo ni takriban milliampea 2.6, yaani 3.3 V ukitoa 0.7 V kugawanya kwa 1k, kwa hiyo wembamba wa waya haudhuru.

Chaneli moja kati ya 8 inatakiwa iwe na rilei ya 12 V. Nikibadilisha, zote zinabadilika. Nifanyeje? — Msomaji, Mombasa

Thamani ya komponenti imeandikwa ndani ya faili, na faili ni moja, kwa hiyo hilo haliepukiki. Njia ni kutoa nje kile kinachotofautiana. Ondoa alama ya +5V juu ya koili, weka lebo ya ngazi V_KOILI. Kwenye mchoro mkuu, masanduku 7 yape 5 V na moja lipe 12 V. Koili ya 5 V ya SRD ni takriban ohmu 70 na inakula milliampea 71. Ile ya 12 V ni takriban ohmu 400, inakula 30. Transista ileile inazimudu zote mbili. LED yenye rezista ya 1k itapitisha kama milliampea 3 kwenye 5 V na 10 kwenye 12 V: itang'aa zaidi, lakini haitaungua. Kwenye thamani ya rilei andika jina la jumla lisilotaja volti, na kwenye orodha ya manunuzi ongeza mstari wa mkono kwa ile moja. Mstari huo ndio watu husahau.

Tofauti zikifika tatu nne, acha kulazimisha. Nakili faili kwa jina jingine, zikae karatasi mbili za aina mbili.

Mchoro uko tayari. Sasa napangaje bodi mara moja na kuirudia mara 7? — Wasomaji wa Arusha, Kisumu na Zanzibar wameuliza kwa maneno tofauti

Kwenye KiCad 9 kifaa kimo ndani. Fungua Tools, kisha Multi-Channel, kisha Generate Placement Rule Areas, uchague karatasi zako 8. Kila chaneli inachorewa eneo lake kuzunguka komponenti zake. Panga eneo la kwanza kikamilifu: komponenti, njia, matundu ya kupitisha. Ukiridhika, rudi kwenye Multi-Channel, chagua Repeat Layout, onyesha eneo la mfano, na utie alama maeneo ya kunakiliwa. Ruhusu yafungwe kuwa kundi, ili baadaye uweze kuivuta chaneli nzima kwa mkono mmoja, au kuizungusha kwa kubonyeza R.

Likikataa eneo fulani, sababu huwa ni kwamba chaneli hiyo hailingani na ya mfano. Pengine ulibadilisha mchoro na hukubonyeza F8. Pengine ulibadilisha futiprinti ya komponenti moja palepale kwenye bodi, chaneli nyingine zikabaki na ya zamani. Komponenti zilizofungwa kwa kufuli nazo huachwa nyuma usiporuhusu zihusishwe.

Wenye 7 na 8 wasikate tamaa. Ndani ya Plugin and Content Manager kuna programu-jalizi iitwayo Replicate Layout, na imefanya kazi hii kwa miaka. Ina sharti moja linalowashinda wageni: komponenti ya nanga. Ukichagua rilei K201 iwe nanga, basi K301, K401 hadi K901 lazima uwe umeziweka tayari mahali pake na kwa mwelekeo wake kabla ya kuianzisha. Programu-jalizi inapanga kila kitu kuzizunguka. Usipofanya hivyo, chaneli zote zitalundikana pale KiCad ilipozimwaga.

Kuhusu nafasi: mwili wa SRD ni takriban milimita 19 kwa 15.5, na terminali ya matundu 3 ya milimita 5.08 inakula karibu 16. Ukiachia milimita 20 kwa chaneli, safu moja ya 8 inafika 160. Viwanda vingi vya bei nafuu hupandisha bei bodi ikivuka 100 kwa 100, kwa hiyo tunapendelea safu mbili za 4 zilizopeana mgongo, safu ya pili ikigeuzwa digrii 180. Kwa wanaotumia programu-jalizi ya nanga, geuza rilei za safu ya pili kabla ya kunakili.

Usitegemee kinachovuka mipaka ya chaneli kinakiliwe vizuri. Njia kuu ya 5 V ichore mwenyewe mwishoni. Rilei zote 8 zikiwaka pamoja ni 8 mara 71, yaani karibu ampea 0.57, na njia ya milimita 1 inabeba hizo bila shida. Ardhi usiichore ndani ya chaneli kabisa. Mwaga sakafu moja ya shaba kwa bodi nzima baada ya kunakili. Lakini sakafu hiyo isiingie upande wa terminali, kwenye 230 V. Kati ya umeme mkubwa na upande wa ESP32 sisi tunaacha milimita 8, na hatushuki chini ya 6. Chora eneo la katazo, yaani pasiporuhusiwa shaba, ndani ya chaneli ya mfano, kisha baada ya kunakili hakikisha kwa macho kwamba limefika kwenye chaneli zote. Tena, rilei imeandikwa ampea 10, lakini njia ya shaba ya unene wa kawaida, mikroni 35, inahitaji upana wa takriban milimita 7 ili ibebe ampea 10 bila kupata joto jingi. Watu huchora milimita 2 kisha huandika 10 A kwenye tangazo la bidhaa. Njia yako ikiweza kubeba 3 tu, andika 3.

Shikamooni. Nimeshachora chaneli zote 8 kwenye ukurasa mmoja na bodi ya chaneli ya kwanza nimeimaliza kwa shida. Lazima nianze upya? — Mwanafunzi, Morogoro

Marahaba. Hapana, ila kwanza nakili folda nzima ya mradi pembeni. Kwenye mchoro, chagua chaneli ya kwanza uikate, tengeneza karatasi mpya, ingia ndani, kisha ubandike kwa Paste Special ukichagua kuhifadhi nambari zilizopo, ili R1 ibaki R1. Futa chaneli 7 nyingine, weka masanduku 7 ya faili hilo, na uziwekee nambari huku ukiacha za zamani zilivyo. Sasa kwa F8 hii moja tu, tia alama kile kisanduku cha kuunganisha kwa majina tulichokikataza hapo juu, kwa sababu kukata na kubandika kumevunja uhusiano wa ndani na jina ndilo lililobaki. Tia pia alama ya kufuta futiprinti zisizo na mwenyewe. Kazi yako ya chaneli ya kwanza itabaki mahali pake. Mara inayofuata ondoa alama zote mbili.

Ofisini tunatumia Altium Designer, programu nyingine ya kuchora bodi. Nasikia huko hakuna haja ya kuchora masanduku 8. — Msomaji, Nairobi

Kweli. Unachora moja, na kwenye jina lake unaandika Repeat(Chaneli,1,8). Mguu unaotofautiana kwa kila chaneli unaandikwa Repeat(INGIZO), unatolewa kwa waya wenye lebo INGIZO, na waya huo unaingia kwenye basi, yaani kifungu cha waya, INGIZO[1..8]. Ukisahau Repeat kwenye mguu, chaneli zote zinaunganishwa pamoja, ugonjwa uleule wa msomaji wa Mwanza. Kila chaneli hupata chumba chake kwenye bodi. Panga kimoja, kisha Design, Rooms, Copy Room Formats.

Chaneli hii nataka kuitumia kwenye miradi mingine pia. Nihifadhi wapi? — Fundi, Kigoma

KiCad 9 ina kidirisha cha Design Blocks kwenye mchoro. Tengeneza maktaba yako, ingia kwenye karatasi ya chaneli, na uihifadhi. Kwenye mradi mpya utachagua iingie kama karatasi au kama michoro iliyotawanywa. Chagua karatasi, ubaki na faida zote za hapo juu. Fahamu mambo mawili. Toleo hili linahifadhi mchoro tu, mpangilio wa bodi hauendi nao. Na ukishaiweka, ni nakala: ukisahihisha maktaba leo, mradi wa mwaka jana hautajua. Ndani ya karatasi andika tarehe na namba ya toleo kwa maandishi ya kawaida, mfano «Chaneli ya rilei, toleo la 3», ili ukikuta bodi ya zamani mezani ujue inatumia rezista ipi.